Siku Mzee Keinan Alipokuwa Kapera

Abdihafid aliporudi Garissa mwaka wa tisini na tisa, alirudi na vitu viwili: diploma ya kompyuta yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na tabia ya kuwaeleza watu mambo ambayo hawakumwuliza. Diploma mama yake aliitundika ukutani, juu ya redio. Ile tabia hakuna aliyejua pa kuitundika.

Mcheza kwao hutunzwa, na Abdihafid hakukaa kitako muda mrefu. Wafadhili wa Mradi wa Mbuzi wa Maziwa walikuwa wamechoka na makaratasi. Baada ya mafuriko ya El Nino, na ukame uliokuja nyuma yake kudai kilichobaki, mifugo ilikuwa imekwisha, na kila nyumba ilistahili kupewa mbuzi wa kukamua. Lakini ugawaji wa kwanza uliofanywa kwa makaratasi ulikuwa na miujiza yake. Kuna watu waliopata mbuzi mara tatu, na kuna wajane waliopata vumbi la lori lililobeba mbuzi hao. Basi safari hii ikaletwa kompyuta, na jenereta ya kuilisha, na sidii moja ndani ya kasha jeusi ambayo Abdihafid aliibeba mikononi kama yai. Programu ingeandikwa kwa Java, lugha mpya ya kompyuta ambayo hata Nairobi watu waliizungumzia kama wanavyomzungumzia jamaa tajiri ambaye hawajawahi kukutana naye.

Nitaeleza kazi ya sidii ile kama Abdihafid alivyoieleza, ila kwa maneno machache kuliko yake. Ndani ya programu unamuumba mtu. Unampa jina, umri na nyumba, naye anaishi katika kumbukumbu ya mashine. Ukizima mashine, mtu huyo amekufa. Ili asife, ni lazima ahamishwe kutoka kwenye kumbukumbu akaandikwe katika majedwali ya kudumu, na sidii ile ndiyo ilikuwa mhamishaji. Mtu mmoja mmoja alihamishika bila taabu. Taabu ilikuwa watu wanapohusiana, na sisi watu wa huku hatujui kuishi bila kuhusiana. Mume ana wake zake, kila mke ana mume wake. Ni uhusiano mmoja, lakini una ncha mbili, na mashine inataka kuambiwa habari za ncha zote.

Mtu angedhani hilo ni jambo jepesi kwa kijana aliyelelewa Garissa. Kwetu, mtoto akimwita ami yake "adeer", ami naye humwitikia "adeer". Mama humwita mwanawe "hooyo", neno lilelile ambalo mwana humwitia mama. Mgeni akisikiliza mazungumzo ya ukoo mmoja hujiuliza nani hasa amemzaa nani. Abdihafid alikuwa ameitwa adeer tangu hajajua kutembea, na kwa hiyo hakuona kwamba hapo palikuwa na la kufikiria.

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kando ya barabara iendayo darajani. Saa sita mchana mabati yalilia kwa joto, na korongo wa Garissa, wale ndege wenye vipara na sura za makadhi, walisimama juu ya paa wakisubiri mtu afe. Meza zilikuwa mbili zinazotazamana. Moja ilikuwa ya Abdihafid. Ya pili ilikuwa ya Idman, binti Keinan, aliyeajiriwa kuwahoji wanawake kwa sababu wanawake hawakupenda kueleza habari za nyumba zao mbele ya wavulana wenye diploma.

Hapa sina budi kusema mapema jambo ambalo Garissa nzima ilikuwa ikilijua: Abdihafid alimtaka Idman. Alimtaka hasa, kwa namna ya kumnyima mtu hamu ya chakula. Na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu, alifanya kama adabu inavyotaka. Katika mwezi wa tatu alimtuma ami yake Abdille pamoja na wazee wawili kwenda kwa Mzee Keinan, babake msichana. Walikunywa chai ya maziwa ya ngamia, wakazungumzia mvua, wakazungumzia bei za sokoni, wakaja kwenye posa mwishoni kabisa kama watu waliolikumbuka jambo wakiwa mlangoni. Mzee Keinan alikuwa dalali wa ng'ombe na hakuwa na mazoea ya kukubali bei ya kwanza. Isitoshe, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazee ya mradi uleule.

"Kijana wenu ni mzuri," alisema. "Acha kwanza tuone hiyo mashine yake. Mbuzi wakifika salama, tutazungumza."

Kwa hiyo ndoa ya Abdihafid ikafungwa kwenye mguu wa mbuzi, na mbuzi wakafungwa kwenye programu. Aliona ni haki. Alifanya kazi kwa bidii ambayo meneja wa mradi, mtu wa Taita aliyehesabu siku zake za kurudi kwenye baridi ya milimani, aliistaajabia na kuihusisha na uzalendo.

Kwa Idman mwenyewe hakusema neno. Angesemaje? Posa hupita kwa wazee, na kijana anayempelekea msichana maneno yake mwenyewe ni mhuni tu. Kutwa waliketi wakitazamana, wakazungumza habari za joto, za jenereta, za korongo. Mara nyingine Idman alinyamaza ghafla katikati ya sentensi, kalamu ikiwa hewani, akamtazama kama mtu aliyesikia hodi na sasa anangoja kujua ni nani. Abdihafid alidhani ni joto, akamfungulia dirisha.

Siku moja alimweleza kuhusu ncha mbili.

"Tuseme uhusiano ni kamba," alisema. "Upande mmoja kuna mume, upande wa pili kuna mke. Kwenye kumbukumbu nawapa wote wawili ncha. Lakini kwenye jedwali la kudumu kamba haiwezi kufungwa pande mbili. Ni lazima upande mmoja uwe ndio mwenyewe. Mume anaweza kuwa na wake wengi, mke ana mume mmoja. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kila mke aandikiwe jina la mumewe kwenye safu yake."

"Na mume ameandikiwa nini kwenye safu yake?"

"Hana kitu. Orodha yake ya wake ni kama kioo tu. Mashine inawauliza wanawake wote, nani ameolewa na huyu, halafu inampa majibu."

Idman alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kwa hiyo kamba iko mikononi mwa mke."

"Kiufundi tu," alisema Abdihafid kwa haraka, maana dirisha lilikuwa wazi.

Siku ya kuionyesha programu kwa kamati, chumba kilijaa. Mbele waliketi wazee, bakora magotini, ndevu zimetiwa hina. Nyuma walisimama wanawake, ambao hawakualikwa lakini hawakuona kuwa hiyo ni sababu. Kwa heshima ya meneja, asiyejua Kisomali zaidi ya maamkizi, mambo yote yaliendeshwa kwa Kiswahili.

Mzee Keinan aliitwa wa kwanza. Alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, na angeendelea mpaka kwa babu wa kabila kama Abdihafid asingemwambia kwamba nafasi imejaa. Kisha akawataja wake zake, Sahara, mamake Idman, na Kowsar, mke mdogo aliyemuoa hapa mjini. Abdihafid aliandika. Skrini ikaonyesha: Keinan. Wake: Sahara, Kowsar. Wazee walisogea wakaona, wakasema mashaallah. Akafuata Mzee Dubow, mwenye maneno mengi, na wengine nyuma yake, kila mmoja akishangaa kuwaona wake zake wakiwaka rangi ya kijani.

Kama Abdihafid angeishia hapo, siku ingekuwa njema. Lakini kijana alikuwa amekolea.

"Sasa nitaizima," alisema. "Nitaizima kabisa, niiwashe tena, muone kwamba hakuna kitakachopotea. Makaratasi huliwa na mchwa. Hii haisahau."

Akaizima. Akaiwasha. Mashine za siku zile ziliamka polepole kama mzee baada ya daku, na watu wakangoja kimya. Akaandika jina la mwenyekiti.

Keinan. Wake: hakuna.

Abdihafid aliandika tena, akidhani amekosea herufi. Hakuna. Akamwita Mzee Dubow. Hakuna. Akawaita wazee wote mmoja mmoja, mikono ikimtoka jasho, na mashine ile isiyosahau ikawatangaza wote, mbele ya meneja na mbele ya wanawake wa mji, kuwa wanaume wasio na wake.

Kicheko kilianzia nyuma. Kilianza kama kikohozi, kikaenda kikikua, mpaka mwanamke mmoja akalazimika kutoka nje akiwa ameshika ubavu. Idman alikuwa amejifunika uso kwa shela na mabega yalikuwa yakimtikisika.

Mzee Keinan alisimama. "Kijana," alisema, "mimi naoa kabla baba yako hajanunua kiatu. Mimi iko na watoto nane. Sasa hii mashine yako nasema mimi kabera?"

"Hapana, adeer. Ni hitilafu ndogo."

"Ndogo." Mzee aligeuza bakora mkononi. "Wanawake wawili nabotea, hii ni ndogo."

Mzee Dubow akauliza kama mashine inaruhusu, kwa kuwa sasa yeye ni kapera, aoe wanne wapya. Meneja aliahirisha kikao kwa maneno ya Kiswahili kizuri sana, na wazee wakatoka kwa hasira.

Aliyebaki mle ndani alikuwa kijana mwenye huzuni isiyo na mfano. Hakuwaza mbuzi hata kidogo. Aliwaza chai ya maziwa ya ngamia ambayo hatanywa tena katika nyumba ile.

Kosa alilipata kesho yake asubuhi, na lilikuwa dogo kiasi cha kumtia mtu aibu. Kila alipoandika ndoa, alikuwa amemwambia mume, una mke huyu. Hakumwambia mke, una mume huyu. Na kamba, kwa mpango wake mwenyewe, ilihifadhiwa upande wa mke. Ulipofika wakati wa kuandika majedwalini, mashine ilimwendea mke, ikamkuta hana habari, ikaandika kwa uaminifu: hana mume. Asiyekuwepo na lake halipo. Kabla ya siku ile alikuwa ameijaribu programu mara nyingi, lakini kila mara aliangalia palepale alipoandika, kwenye kile kioo cha mume, na kioo kilimwonyesha alichotaka kuona.

Alisahihisha kwa mstari mmoja tu, kwamba mume asiongezewe mke bila mke naye kuambiwa papo hapo. Juu yake akaandika ukumbusho kwa yeyote atakayeisoma programu baadaye: funga ncha zote mbili, usiamini upande mmoja. Aliandika maneno hayo akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwa msichana ambaye alikuwa amemposa kwa babake tu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alihitaji kuambiwa.

Ili kuondoa fitina, meneja aliamua uandikishaji uanze upya, na safari hii uanze na wanawake. Lilikuwa pia jambo la akili. Mbuzi wa maziwa hufuata nyumba, na kwetu nyumba ile ya mikeka na miti iliyopindwa, aqal, ni mali ya mke. Mamake na wanawake wenzake ndio walioisuka alipoolewa. Ukifika wakati wa kuhama yeye huibomoa, huipakia juu ya ngamia, huijenga tena mbele. Mume ni mtu anayeingia humo. Basi wanawake wakaja, Idman akiwauliza, Abdihafid akiandika. Jioni mashine ilizimwa na kuwashwa mbele ya watu, na waume walikuwa bado wameolewa. Mji ukapumua.

Mama Sahara alifika siku ya tatu, kutoka upande wa Ijara, na vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu vyake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Kwa kuwa Idman ni mwanawe, ilionekana afadhali aulizwe na Abdihafid.

"Karibu, eeddo," alisema, akimwita shangazi kama inavyopasa, na sasa walikuwa wakizungumza Kisomali chao. "Nyumba ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mume wa nyumba hiyo?"

Mama Sahara aliyatazama mabati, akamtazama binti yake, akairudia ile mashine. "Nimesikia kwamba hii iliulizwa kuhusu Keinan, ikasema hana mke."

"Ilikosea, eeddo. Nimeirekebisha."

"Usiirekebishe kwangu. Tangu ukame uanze, mlango wangu haujamwona. Wanyama walipokufa nilikuwa peke yangu, na mtoto alipougua nilikuwa peke yangu. Ana nyumba yake mjini, na kuta za mawe, na sina ugomvi na aliye ndani yake. Mume ni mtu anayekuja. Andika nyumba ya Sahara, na mahali pa mume uache wazi."

Hakupandisha sauti. Idman alikuwa ameinamisha kichwa, na kalamu yake haikuandika chochote.

Abdihafid alifanya alivyoambiwa. Niseme ukweli, alifanya kwa sababu programu yake haikuruhusu vingine, lakini alifanya. Aliacha mahali pa mume wazi, akahifadhi, akamwonyesha. Mama Sahara hakujua kusoma, akamwomba binti yake amsomee. Idman akasoma. Mama akaitikia kwa kichwa, akatoka, na kwa siku mbili zilizofuata Idman alimletea Abdihafid chai bila kuombwa. Aliinywa kwa furaha, akiamini kwamba ni ishara njema kutoka kwa babake.

Halafu babake akaja. Mzee Keinan aliingia peke yake, baada ya swala ya alasiri, akavuta kiti bila kukaribishwa. Idman alikuwa kwenye meza yake na aliendelea kupanga kadi za wanawake wa siku ile.

"Adeer," alisema mzee kwa upole uliomtisha Abdihafid kuliko bakora. "Jana ami yako Abdille alipita nyumbani. Tumezungumza vizuri. Kabla sijatia neno la mwisho, nataka kuona kama ile aibu imekwisha. Nionyeshe wake zangu."

Abdihafid alijua jedwali linasema nini. Lilisema Kowsar, basi. Alifikiria kumwambia mzee, na akayaona maneno yenyewe: mkeo hakukutaja. Aliuona uso wa mzee baada ya maneno hayo, akaona posa ikitoka mlangoni na haitarudi. Upande wa pili wa chumba kadi ziliacha kupangwa.

Basi vidole vyake vikafanya jambo ambalo akili yake ilikuwa imelikataza kwa maandishi. Aliuruka ule mstari mmoja. Kwenye kioo cha mume, na hapo tu, alimwongeza Sahara, bila kumwambia Sahara. Skrini ikawaka: Keinan. Wake: Sahara, Kowsar. Kosa lilelile lililomvunjia heshima sasa alilifanya kwa makusudi, na kwa ustadi zaidi.

Mzee alitazama kwa muda. Hakusoma vizuri, lakini aliyajua maumbo ya majina hayo. Sura yake ikalainika, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu aliyekuwa na wasiwasi wa kweli, wasiwasi ambao hangemwambia mtu. "Sahara yupo," alisema.

"Yupo, adeer."

"Alhamdulillah. Umefanya kazi nzuri, mwanangu."

Ile "mwanangu" ilimpanda Abdihafid kichwani. Mzee alipotoka, kijana aliizima mashine, na Sahara akarudi kuwa alivyosema mwenyewe. Hakuna lililoharibika, alijiambia. Neno la mama liko salama mahali pa kudumu, na baba ameondoka na furaha yake. Akageuka kwa Idman kutafuta tabasamu. Idman alikuwa amefunga droo yake na kuondoka, na chai ya siku ile haikuletwa.

Alhamisi wazee wakakutana kwa Mzee Keinan. Wakakubaliana yote, wakasoma fatiha, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imevuka daraja. Mamake Abdihafid alilia kwa furaha chini ya diploma.

Asubuhi yake aliingia ofisini mapema, amevaa shati jipya. Idman alikuwa amefika kabla yake. Meza yake ilikuwa tupu, na vitu vyake vilikuwa ndani ya kikapu.

"Meneja anafungua ofisi Rhamu, kwa wale wa kando ya mto Daua," alisema kabla hajaulizwa. "Alitafuta mtu wa kuwaandikisha wanawake wa kule. Nimekubali. Lori linaondoka Jumapili."

"Rhamu? Idman, wazee wamesoma fatiha jana."

"Najua. Mimi ndiye niliyewapikia chai."

Abdihafid alishika ukingo wa meza. Kwa miezi yote ile hawakuwa wamelitaja jambo hili, na sasa alipolitaja aliona kwamba hakujua sauti ya kulitajia. "Na wewe," alisema, "wasemaje?"

Idman aliweka chini kikapu. Alimtazama kwa namna ileile ya zamani, kalamu hewani, ila mkononi hapakuwa na kalamu.

"Ungeniuliza mwezi wa tatu ningekubali," alisema. "Siku ile ulipowafanya wazee wote makapera nilicheka mpaka nikalia, na ulivyosimama pale na jasho lako nikasema moyoni, huyu ndiye ninayemtaka, aniulize tu. Ungeniuliza siku hiyo ningekubali mara mbili."

"Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Najua."

"Na habari ya mama yako, Idman, sikuandika kitu. Haikuhifadhiwa. Alivyosema ndivyo ilivyo mpaka sasa, naweza kukuonyesha."

"Sihitaji kuonyeshwa, nilikuwa hapa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Mama yangu hajawahi kuulizwa neno na mtu, akajibu, jibu lake likakaa. Wewe ulimuuliza. Nilikuheshimu kwa hilo. Halafu baba akaketi hapo, ukampa mke wa kioo ili aende zake akifurahi. Nikajiuliza, nikiwa ndani ya nyumba yako nikasema neno usilolipenda, utaniambia mimi? Au watakuja watu, uwaonyeshe Idman mwingine?"

Abdihafid alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu arudi Garissa hakuwa na maelezo.

"Umeniuliza, nami nakujibu," alisema Idman. "Jibu ni hapana. Sheikh akiniuliza nitamwambia hivyohivyo. Baba nitamwambia mwenyewe kabla sijapanda lori, ili asilisikie sokoni. Na ahsante kwa kuniuliza." Ile ahsante aliisema kwa dhati kabisa. Akachukua kikapu chake, akaenda kutafuta sahihi ya meneja.

Abdihafid hakuweza kuketi mbele ya meza ile tupu. Alitoka, akaenda miguu ilikompeleka, na miguu ikampeleka sokoni, mahali pabaya kuliko pote. Maumivu yalikuwa kifuani, kweli kweli, kama kitu kilichomezwa bila kutafunwa. Na watu walikuwa wakimpongeza. Muuza miraa alimwita bwana harusi. Mzee Dubow alimshika mkono akakataa kuuachia, akamweleza mambo ya usiku wa kwanza ambayo hakuyauliza. Kila mmoja alimwambia mabruk, naye akamjibu kila mmoja Mungu akubariki, kwa kuwa angeanzia wapi, na angemwambia nani kwanza, wakati baba wa msichana mwenyewe bado hajui?

Mzee Keinan alikuwa kwenye zizi la ng'ombe, katikati ya wanunuzi kutoka bara. Alipomwona kijana aliacha biashara, akaja akamkumbatia mbele ya watu. Kwa sababu ya wageni wale alisema Kiswahili, na kwa sauti, apate kusikika.

"Huyu ni mtoto yangu sasa," alisema. "Huyu iko na mashine, nasoma watu wote wa Garissa. Kesho ndugu zangu nakuja kutoka Ijara. Kule watu nasema Sahara naniacha. Maneno ya watu tu. Nataka waone kwa macho, wake yangu wawili, mahali moja. Utaonyesha wao, sindio?"

Wanunuzi walimtazama Abdihafid wakingoja. Mzee alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Walete tu, adeer," alisema Abdihafid. Kisha akarudi ofisini kutazama kama jenereta ina mafuta.